Dili na Ujenzi wa Kikosi NBA: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nimeifuatilia NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa miaka mingi, na kinachonivuta zaidi, pengine kuliko hata mechi zenyewe, ni namna kikosi kinavyojengwa: nani anakuja, nani anaondoka, na timu imelipa nini kumpata. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa kila msimu wa dili unapofika. Majibu ni maoni yangu, ila takwimu na matukio yako kwenye kumbukumbu za ligi. Utaona narudi palepale mara nyingi: kila dili nalipima kwa kuuliza timu imebakiwa na milango mingapi iliyo wazi baada ya kutia saini.

Kwa nini timu isimnunue tu mchezaji inayemtaka, kama kwenye soka?

Kwenye soka, klabu yenye fedha inalipa ada ya uhamisho, inaelewana na mchezaji, mambo yamekwisha. NBA hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji mwenye mkataba hutoka timu moja kwenda nyingine kwa kubadilishwa na wachezaji wengine, au na haki za kuchagua chipukizi kwenye drafti za miaka ijayo, au vyote kwa pamoja. Na akihama, anahama na mkataba wake vilevile ulivyo: mshahara uleule, miaka ileile iliyobaki.

Ndiyo maana huwezi kumzungumzia mchezaji ukauacha mshahara wake pembeni. Mtu yuleyule, mwenye pointi zilezile na ulinzi uleule, ni lulu akilipwa dola milioni 8 na ni mzigo akilipwa milioni 40. Ukiona timu imemtoa mchezaji mzuri na kupokea kitu kinachoonekana kidogo, kabla hujalaumu angalia mkataba wake una miaka mingapi na unalipa kiasi gani.

Kikomo cha mishahara ni kiasi gani, na mbona timu nyingi zinakivuka?

Kwa msimu wa 2025-26 kikomo ni dola milioni 154.6 kwa timu nzima. Kinavukwa kwa sababu ni kikomo laini, chenye ruhusa maalumu kadhaa. Iliyo maarufu zaidi imepewa jina la Larry Bird wa Boston Celtics: timu inaruhusiwa kupita kikomo ili kumbakiza mchezaji wake mwenyewe. Haki hiyo husafiri na mchezaji anapobadilishwa, na hapo ndipo kuna siri kubwa. Timu iliyojaa mishahara haiwezi kumsajili nyota aliye huru sokoni, lakini inaweza kumpata kwa dili akiwa bado na mkataba, kisha ikampa mkataba mpya kwa kutumia haki hiyo ya Bird.

Nyota mmoja anaweza kula asilimia 25, 30 au 35 ya kikomo, kutegemea amekaa ligi miaka mingapi. Weka wawili wa asilimia 35. Umebaki na asilimia 30 kwa watu 13. Hesabu hiyo peke yake inaeleza mambo mengi ambayo mashabiki huyaita uzembe wa uongozi.

Hizi aproni zinazotajwa kila siku ni kitu gani?

Juu ya kikomo kuna ngazi. Kwanza inakuja kodi ya anasa, ambayo kwa 2025-26 inaanzia dola milioni 187.9. Juu yake kuna aproni ya kwanza kwenye milioni 195.9, halafu ya pili kwenye milioni 207.8. Zamani mmiliki tajiri angeweza kulipa kodi na kuendelea kujaza nyota. Tangu makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, fedha peke yake hazitoshi.

Timu iliyo juu ya aproni ya pili hairuhusiwi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi ili kumpata mmoja mkubwa. Haiwezi kuweka fedha taslimu kwenye dili. Haiwezi kupokea mishahara mikubwa kuliko inayotoa. Na chaguo lake la raundi ya kwanza la miaka saba mbele linafungiwa, halibadilishiki kwa chochote. Kodi inauma mfuko wa mmiliki, lakini aproni inamfunga mikono meneja mkuu, na mimi nina uhakika maumivu ya pili ndiyo makali zaidi.

Mfano ulio wazi ni Boston. Juni 2024 walichukua ubingwa. Mwaka mmoja tu baadaye, Jrue Holiday alikuwa amepelekwa Portland na Kristaps Porziņģis amepelekwa Atlanta. Al Horford na Luke Kornet nao waliondoka wakiwa wachezaji huru. Hawakuwa wamechoka wala hawakuwa wamegombana na mtu. Jayson Tatum alikuwa amechanika kano ya kisigino Mei 2025, msimu uliofuata ulikuwa tayari umeingia doa, na gharama ya kubaki juu ya ile ngazi haikuwa na maana tena. Niliumia kukiona kile kikosi kikivunjwa, kwa sababu Holiday na Porziņģis walikuwa vipande vilivyotafutwa kwa akili nyingi mwaka 2023. Lakini sikuweza kuwalaumu viongozi wao.

Chaguo la drafti ni karatasi tu. Kwa nini linathaminiwa kama mchezaji?

Kwa sababu chaguo halina mshahara mpaka limtoe mchezaji, halijeruhiwi, na likimtoa mchezaji mzuri, timu inakuwa naye kwa miaka minne kwa malipo ya chini yaliyopangwa na ligi. Nyota anayelipwa kama chipukizi ndiye mtu mwenye faida kubwa kuliko wote ligini. Anakuachia nafasi ya kuwalipa wengine.

Hakuna mfano unaonikaa kichwani kama ule wa Brooklyn Nets mwaka 2013. Walitaka ubingwa haraka. Wakawachukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston, mmoja akiwa na miaka 37 na mwingine 35, pamoja na Jason Terry. Wakatoa machaguo yao ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018, na wakawapa Celtics haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017, yaani kuchukua nafasi ya Nets kwenye drafti kama ingekuwa ya juu kuliko yao. Majina yalikuwa makubwa kweli. Brooklyn walishinda raundi moja ya mtoano, dhidi ya Toronto, kwa mechi saba, na Pierce ndiye aliyeuzuia mtupo wa mwisho wa Kyle Lowry. Nakumbuka kelele zake akishangilia. Ndiyo yote waliyoipata.

Boston walisubiri. Chaguo la 2014 halikuwapa mtu wa maana, nalisema ili usidhani kila karatasi ni dhahabu. La 2016 likaangukia nafasi ya tatu, wakamchukua Jaylen Brown. Mwaka 2017 Nets walimaliza na ushindi 20 tu, nafasi yao ikawa ya kwanza kabisa, na ilikuwa mali ya Boston. Celtics wakashuka hadi nafasi ya tatu kwa makubaliano na Philadelphia, wakaongezewa chaguo jingine, na hapo kwenye nafasi ya tatu wakamkuta Tatum, mtu waliyekuwa wakimtaka tangu mwanzo. Brown na Tatum ndio waliobeba kombe la 2024, Brown akiwa mchezaji bora wa fainali.

Kosa la Brooklyn halikuwa kuwapenda wazee. Walipoanguka, hawakuwa na chochote cha kuokota kutokana na kuanguka kwao. Timu mbovu kwa kawaida hulipwa na drafti kwa kupata nafasi za juu, wao walikuwa wabovu kwa faida ya mtu mwingine.

Je, timu inaweza kutoa machaguo yake yote?

Haiwezi. Kuna kanuni ya Stepien, iliyopewa jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyegawa machaguo hadi ligi ikaingilia kati. Timu haitakiwi kujikuta haina chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Pia huwezi kuuza zaidi ya miaka saba mbele. Ndiyo maana kwenye madili makubwa utaona miaka inarukwa, mfano 2027, 2029, 2031, na katikati zinawekwa haki za kubadilishana nafasi.

Dili gani unaliona bora kuliko yote ya miaka ya karibuni?

La Oklahoma City Thunder na Los Angeles Clippers, Julai 2019. Halina mshindani.

Ili ulielewe lazima uanzie Toronto. Mwaka 2018 Masai Ujiri, aliyekuwa akiiongoza timu ya Toronto, aliwatoa DeMar DeRozan, Jakob Poeltl na chaguo la raundi ya kwanza kwenda San Antonio, akawapata Kawhi Leonard na Danny Green. Kawhi alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kabla ya kuwa huru. Toronto wakawa mabingwa 2019, kisha Kawhi akaondoka zake. Alitaka Clippers, lakini alitaka pia Paul George awe naye, na George alikuwa mali ya Oklahoma City.

Hebu kaa kwenye kiti cha Sam Presti, mtendaji wa Thunder, kwa dakika moja. Mchezaji wako mwenyewe ameomba kuondoka, na kwa kawaida hapo bei inashuka. Lakini Presti alijua kwamba Clippers hawanunui mtu mmoja. Wakimpata George wanampata na Kawhi, wakimkosa George wanawakosa wote wawili. Akaweka bei ya nyota wawili kwa mchezaji mmoja: machaguo matano ya raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana nafasi, Danilo Gallinari, na kijana mwembamba aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, Shai Gilgeous-Alexander.

Wakati huo vichwa vya habari vyote vilikuwa vya Clippers. Walifika fainali ya Magharibi, hatua moja kabla ya fainali ya ligi, mwaka 2021, wakaishia hapo, na George akaondoka 2024 akiwa mchezaji huru bila wao kupata kitu. Upande wa pili, moja ya yale machaguo, la mwaka 2022 kwenye nafasi ya 12, likamtoa Jalen Williams. Shai akakua mpaka akawa mchezaji bora wa ligi. Juni 2025 Thunder wakaifunga Indiana kwa mechi saba, na Shai akabeba tuzo ya mchezaji bora wa fainali juu ya ile ya msimu.

Ninachokipenda zaidi ni miaka ya katikati ambayo hakuna aliyeitazama. Thunder walishinda mechi 22 msimu wa 2020-21, zikafuata 24, halafu 40, halafu 57, halafu 68. Kwenye mwaka wa mechi 40 watu walikuwa wanawapigia kelele wayatumie machaguo yote kumleta nyota. Presti hakuharakisha. Aliziba matundu mawili tu, kwa bei ndogo, na hapo ndipo swali linalofuata linapoingia.

Mchezaji wa kawaida anaweza kweli kubadilisha timu?

Anaweza, akiwekwa mahali panapomhitaji. Kiangazi cha 2024 Thunder walimtoa Josh Giddey, kijana wa nafasi ya sita kwenye drafti ya 2021, wakamchukua Alex Caruso kutoka Chicago. Mtu kwa mtu, bila chaguo hata moja juu yake. Wengi walishangaa, maana Giddey alikuwa na miaka 21 na Caruso alikuwa amevuka 30. Lakini Giddey anautaka mpira mkononi, na mpira wa Thunder tayari ulikuwa na mwenyewe. Caruso hauhitaji kabisa. Wakamsajili na Isaiah Hartenstein aliyekuwa huru, kwa miaka mitatu na dola milioni 87, kwa ajili ya ribaundi na vizuizi.

Kisha ikaja mechi ya saba dhidi ya Denver, Mei 2025. Nikola Jokić ana mita 2.11 na uzito unaomsukuma mtu yeyote hadi chini ya kikapu. Aliyetumwa kumkaba ni Caruso, mita 1.96. Rudia kuitazama ile mechi ukiuacha mpira, umtazame yeye tu. Anasimama mbele ya Jokić badala ya nyuma yake, mkono mmoja mgongoni kwake, mwingine juu ukifunga njia ya pasi. Kila pasi ya Denver inachelewa nusu sekunde, na kila ikichelewa kuna Thunder mwingine amefika. Anasukumwa, anateleza, anarudi palepale. Oklahoma City walishinda 125 kwa 93. Hakuna dili la jina kubwa lililozaa kitu kizuri kama kile mwaka ule, na nalisema kwa moyo wangu wote.

Denver wenyewe walijengwa kwa mtindo huohuo. Jokić ni chaguo la 41 la mwaka 2014, Jamal Murray la saba mwaka 2016. Kipande kilichowakamilisha ni Aaron Gordon, aliyetoka Orlando Machi 2021. Kule Orlando alikuwa akilazimishwa kuwa nyota. Denver wakamwambia akimbie kuelekea kikapuni Jokić atamwona, na akabe mtu mgumu zaidi kila usiku. Miaka miwili baadaye wakachukua ubingwa wao wa kwanza.

Ulilipokeaje dili la Luka Dončić?

Vibaya. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025, mwandishi Shams Charania alipoitoa habari, watu wengi waliamini akaunti yake imedukuliwa, nami nilikuwa mmoja wao. Nilikaa na simu mkononi nikisubiri akanushe. Hakukanusha.

Dončić alikuwa na miaka 25. Alikuwa amechaguliwa kikosi bora cha kwanza cha ligi mara tano mfululizo, na miezi minane nyuma alikuwa amewafikisha Dallas fainali. Mavericks wakampeleka Lakers pamoja na Maxi Kleber na Markieff Morris, wakapokea Anthony Davis mwenye miaka 31, Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza la 2029. Moja!

Siwezi kukuhakikishia kwamba kuna timu ambayo ingetoa zaidi, lakini najua namna ya kujua: unauliza. Mazungumzo yalianza na Lakers kwenye kikombe cha kahawa mjini Dallas mwezi Januari na yakabaki kwa Lakers tu. Nico Harrison, meneja mkuu wa Dallas, alisema aliamini ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Imani hiyo si mbaya. Lakini mali kama ile ukiiuza gizani kwa mnunuzi mmoja, bei inapangwa na mnunuzi.

Halafu kuna upande ambao hauonekani kwenye hesabu. Davis aliumia kwenye mechi yake ya kwanza. Mwezi mmoja baadaye Kyrie Irving akachanika kano ya goti. Tarehe 9 Aprili Dončić akarudi Dallas akiwa na jezi ya Lakers. Wakaonyesha video ya miaka yake pale, kamera ikamvuta usoni, machozi yanamtiririka huku akijifuta kwa taulo. Kisha akaingia akafunga pointi 45. Mashabiki waliokuwa wamevaa jina lake mgongoni walikuwa wakimshangilia mpinzani. Dili linaweza kuvunja uhusiano wa timu na watu wake, na hakuna chaguo la drafti la kuurudisha.

Ndiyo, najua Dallas waliishinda bahati nasibu ya 2025, ile inayoamua nani achague wa kwanza kwenye drafti, kwa uwezekano wa asilimia 1.8 na wakampata Cooper Flagg. Nafurahi kwa ajili ya mashabiki wao. Hilo halilisafishi dili, maana hakuna aliyepanga mpira ule uanguke hivyo. Harrison aliachishwa kazi Novemba 2025.

Nyota watatu kwenye timu moja, bado ni njia nzuri?

Kwa kanuni za sasa, ni njia ya hatari sana. Angalia Phoenix Suns, waliokuwa tayari na nyota wao Devin Booker. Februari 2023 walimchukua Kevin Durant, wakatoa Mikal Bridges, Cam Johnson, Jae Crowder na machaguo manne ya raundi ya kwanza. Durant ni Durant, dili hilo nalielewa. Kilichowamaliza ni hatua ya pili: Juni 2023 wakamwongeza Bradley Beal, mwenye mshahara wa juu kabisa na kifungu cha kukataa kuhamishwa popote bila ridhaa yake. Kuanzia hapo walikuwa juu ya aproni ya pili, bila machaguo, bila wachezaji wa kiwango cha kati, na bila njia ya kumtoa Beal.

Mwaka 2024 walifagiliwa 4-0 na Minnesota. Mwaka 2025 walimaliza na ushindi 36 na kupoteza 46, hata mtoano hawakuuona. Durant akaenda Houston, na Beal wakalazimika kuuvunja mkataba wake kwa kumlipa. Milango yote waliifunga wenyewe kwa mkono wao, mmoja baada ya mwingine, ndani ya miezi mitano.

Timu ifungwe makusudi ili ipate chaguo la juu?

Siipendi njia hiyo. Philadelphia chini ya Sam Hinkie waliifuata kwa miaka mitatu, wakafika ushindi 10 na kupoteza 72 msimu wa 2015-16. Walimpata Joel Embiid, na hadi 2025 walikuwa bado hawajafika hata fainali ya Mashariki tangu wakati huo. Tena tangu 2019 timu tatu mbovu zaidi zina uwezekano sawa wa asilimia 14 kila moja kupata nafasi ya kwanza, kwa hiyo kuwa wa mwisho kabisa hakukuongezei kitu kwenye bahati nasibu ya nafasi ile. Vijana wanaozoea kupoteza hujifunza tabia za kupoteza.

Mchezaji ana sauti yoyote anapobadilishwa?

Wachache sana wana kifungu cha kukataa kama cha Beal. Waliobaki wanaambiwa. Februari 2019 Harrison Barnes alikuwa uwanjani akiichezea Dallas dhidi ya Charlotte habari ilipotoka kwamba ameshapelekwa Sacramento. Alipotolewa mchezoni alirudi kuketi benchi na wenzake ambao hawakuwa wenzake tena. Picha hiyo hunirudia kila nikitaka kumwita mtu "mkataba unaoisha". DeRozan naye alikuwa ameipa Toronto misimu tisa. Naliunga mkono dili la Kawhi, na bado naona DeRozan alistahili kuagwa vizuri zaidi.

Mbona madili ninayobuni mimi yote yanachekwa?

Kwa kawaida ni kwa sababu unatoa wachezaji wanne wa wastani ukitaka nyota mmoja. Jumla ya mishahara inalingana, lakini vyungu vinne vyenye ufa havifanyi chungu kizima. Kikosi kina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, kwa hiyo timu inayopokea wanne kwa mmoja inalazimika kuwaacha watatu. Jiulize kwanza: mimi ningekuwa shabiki wa timu ile nyingine, ningelala usingizi baada ya dili hili?

Lini ni haki kusema nani ameshinda dili?

Lipe dili miaka mitatu. Minnesota walipotoa machaguo manne na kundi la wachezaji kwa Rudy Gobert mwaka 2022, walizomewa ligi nzima. Walifika fainali ya Magharibi 2024 na tena 2025, na Gobert akachukua tuzo yake ya nne ya mlinzi bora. Sisemi bei ilikuwa nafuu, maana Walker Kessler aliyeondoka kwenye dili lile ni mchezaji mzuri. Nasema kelele za wiki ya kwanza hazikuwa hukumu.

Na wakati mwingine wote wanapata. Februari 2022 Sacramento walimpata Domantas Sabonis, Indiana wakampata Tyrese Haliburton. Mwaka uliofuata Kings wakamaliza ukame wa misimu 16 bila mtoano. Pacers wakafika fainali 2025, wakiwa wamemwongeza Pascal Siakam kutoka Toronto. Haliburton akachanika kano ya kisigino kwenye mechi ya saba ya fainali hiyo, robo ya kwanza tu, akiwa ameshatupia tatu kadhaa. Nimejaribu kuitazama tena ile robo nikashindwa.

Nizingatie tarehe zipi?

Drafti hufanyika Juni. Usajili wa wachezaji huru unafuata mwanzoni mwa Julai. Tarehe 15 Desemba wengi waliosajiliwa kiangazi wanaruhusiwa kubadilishwa, na ndipo simu zinaanza kulia kweli. Dirisha hufungwa mwanzoni mwa Februari.

Ungepewa timu leo, ungeanza na nini?

Ningeandika majina yote, mishahara na miaka, kisha ningemtafuta mtu mmoja ambaye kila kitu kitajengwa kumzunguka. Kama yupo, ningeuliza anahitaji nini pembeni yake. Jokić alihitaji wakimbiaji kikapuni, Shai alihitaji walinzi wanaoweza kutupia tatu. Kama hayupo, nisingemnunua nyota wa daraja la pili ili kuwatuliza mashabiki. Ningekusanya machaguo na wachezaji wenye mikataba mifupi, na ningekuwa mkweli kwa mashabiki kuhusu muda.

Lile dili la Paul George limeshaisha sasa?

Chaguo la mwisho ambalo Clippers waliahidi siku ile ni la drafti ya 2026. Wengi wanaoingia kwenye drafti hiyo walikuwa na miaka 12 au 13 Presti alipokata simu.